Mizizi ya Guildford

Doonside, Sydney
12 Februari 2023

Dada Déborah,

Usinipigie, wala usinitumie sauti kwenye simu. Nyumba yetu ni ndogo, kila neno linafika mpaka jikoni, na haya sitaki mke wangu Nsimire ayasikie. Andika kwa mkono kama ulivyozoea, upige picha, unitumie. Najua hata nikiwa mgonjwa utaanza kwa kunisahihisha makosa. Mwalimu ni mwalimu tu.

Dada, tumbo langu si tumbo tena. Nikionja chakula nimeshiba, halafu linajaa hewa, na upande wa kulia unaniuma hadi begani. Mdomo mchungu tangu asubuhi. Juzi nilikuwa Port Botany, nimepanga foleni na lori nikingoja kontena, kichefuchefu kikanishika nikatapika pale pale kando ya tairi. Vijana wa bandari wakacheka, wakidhani nimelewa. Mimi, mlokole mzima!

Daktari alinitoa damu. Anasema kuna virusi kwenye ini, vya zamani, labda tangu nilipozaliwa. Amenipa vidonge, kimoja kila siku, na eti nisiache hata nikijisikia mzima. Nikamuuliza mpaka lini? Akasema mpaka uzee. Dada, dawa gani hiyo isiyomaliza ugonjwa? Kisha akaniuliza mama yetu alikufa na nini. Nikamwambia tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na kwamba alilishwa kitu. Akaandika kwenye kompyuta yake.

Nsimire anajua habari ya vidonge. Asichojua ni kwamba ninaogopa. Nina umri ule ule aliokuwa nao mama.

Mdogo wako,
Balthazar


Bagira, Bukavu
20 Februari 2023

Balthazar mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikatafuta pa kukaa. Makosa yako ya kuandika nimeyaacha leo.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, huwezi kukumbuka. Mimi nakumbuka. Mama alianza hivyo hivyo: kushiba bure, mdomo mchungu, kutapika. Mama Anésie, yule jirani Mrundi, alikuwa akimletea pombe ya ndizi kila jioni, wanakaa wawili wanacheka. Baadaye tumbo likavimba, macho yakabadilika. Tulimpeleka hospitali, wakamtundikia sérum, yale maji ya chupa yanayoingia kwa sindano. Asubuhi hakuamka. Watu wote wazima walisema ilikuwa karuho, sumu ile inayoua polepole, na kwamba mtu aliyelishwa karuho ukimchoma sindano umeimaliza kazi ya aliyemlisha. Mama Anésie tulimfukuza na mikeka yake kichwani, hajarudi mpaka leo.

Eti ulizaliwa navyo! Ulizaliwa unatapika? Mimi ndiye niliyekubeba. Ulikula ukanenepa, ukaishi kambi ya wakimbizi na njaa yake yote, ukafika Australia, leo ndipo virusi vinaamka? Wacha wee.

Sasa nisikilize. Acha hivyo vidonge, dawa ya hospitali na karuho havikai tumbo moja. Sindano kataa. Sérum kataa, hata wakikuona mshamba. Tafuta mizizi. Mzee wetu wa hapa anayo, lakini haipiti kwenye uwanja wenu wa ndege. Je, huko hakuna Wachina? Wale waliokuja kutengeneza barabara yetu walikuwa wakichemsha mizizi yao kila asubuhi, na sikusikia hata mmoja akilalamika tumbo. Nenda kwa Mchina.

Na swali moja, unijibu kweli: nani anakupikia?

Dada yako,
Déborah


Doonside
19 Machi 2023

Dada,

Mchina nimempata! Duka lake liko Guildford, limebanwa kati ya tanuri la mikate ya Walebanoni na saluni. Anaitwa Jacky, mtu wa makamo, anavaa ndala dukani kama yuko kwake. Ukuta mzima ni droo ndogo ndogo. Harufu ya mle ndani, dada, ni kama stoo ya bibi.

Aliniambia nitoe ulimi. Akanishika mikono yote miwili, vidole vitatu juu ya mshipa, akainamisha kichwa kana kwamba anasikiliza redio. Akaniuliza kama huwa nakasirika. Nikamwambia naendesha lori Sydney, nani asiyekasirika? Alicheka mpaka akaachia mkono. Anasema ini langu lina hasira na linaligandamiza tumbo. Akafungua droo, akapima: ganda la chungwa lililokaushwa, tangawizi, mzizi fulani mtamu, vipande vyeupe vya uyoga vigumu kama chaki, na mizizi mingine nisiyoijua. Nichemshe kwenye chungu cha udongo, si sufuria ya chuma, mara mbili, nichanganye maji, ninywe asubuhi na jioni.

Sitakuficha. Aliniuliza hospitali wanasemaje. Nikasema sijaenda. Akanitazama machoni, akauliza tena, akasema nikapimwe damu nimletee majibu, kwa sababu mizizi hii ni ya tumbo kujaa na kukosa hamu, na kama ini lenyewe lina ugonjwa yeye peke yake hatoshi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Ningemwambia habari ya vidonge angenirudisha huko huko.

Na dada, nimekula! Jana nilikula bugali kwa majani ya sombe na samaki wa ndagala mpaka mwanangu Gloire akaniangalia. Tumbo halijai. Nimecheka kwa sauti nilipoona sahani tupu. Basi vidonge nimeacha kama ulivyosema. Ili kusiwe na kelele, natoa kimoja mbele ya Nsimire, naweka mdomoni, nikifika garini nakitema.

Swali lako: anayenipikia ni Nsimire, nani mwingine? Usianze, dada.

Balthazar


Bagira
2 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Mungu asifiwe! Nimecheza peke yangu chumbani, miguu hii yenye uvimbe, nusura nianguke. Umeona sasa? Kingekuwa kidudu cha damu, ganda la chungwa lingekiweza wapi?

Lakini hujamaliza. Mizizi inatoa, na mkono unaokulisha unarudisha. Simtaji mtu. Nasema tu upike mwenyewe, chungu chako kikae mbali na sufuria zake, na usiache kikombe mezani ukaenda kuoga. Halafu tazama atafanya nini. Mke asiye na kitu atafurahi kupumzika jikoni. Akikasirika, jiulize kwa nini.

Nilikuambia zamani watu wa kwao hatuwajui vizuri. Ukaninunia mwaka mzima. Sawa.

Déborah


Doonside
21 Mei 2023

Dada Déborah,

Hujazoea kupata barua yangu. Mimi Nsimire, mke wa mdogo wako. Sijui kuandika kwa adabu ya shule, utanivumilia.

Balthazar amekuwa wa manjano. Si macho tu, mpaka viganja. Anajikuna usiku na mchana. Tumbo limetangulia mbele, miguu imekonda. Kazini hajaenda tangu mwanzo wa mwezi. Analala sebuleni, anapika chungu chake mwenyewe, na nikipita karibu anakifunika kwa mkono. Mimi! Kazi yangu ni kuosha wazee wa watu, nawalisha kwa kijiko, wananiamini wasionijua hata jina. Mume wangu ananusa bugali yangu kama mbwa anayeogopa mtego. Gloire, mtoto wa miaka tisa, ananiuliza kwa Kiingereza chake kwa nini baba hali na sisi. Nimjibu nini?

Jana nilisafisha gari. Mfuko wa mlango wa dereva umejaa vidonge, vimelowa mate vikakauka, vimegandana. Nilivichukua na pakiti yake nikaenda Guildford kwa yule Jacky, nimejaa maneno, nilitaka kumpasulia lile duka. Jacky akavaa miwani, akasoma jina la dawa kwenye pakiti, akaketi. Akasema: aliniambia hajaenda hospitali. Akasema dawa hii mtu haiachi ghafla, virusi vinarudi kwa nguvu na kulila ini, na tumbo kupata nafuu si ini kupona. Mpeleke leo, akasema, na mizizi yangu aache yote. Akaniandikia majina ya mizizi ili daktari ajue alichokunywa. Nilikwenda kupigana, nikarudi sina wa kupigana naye.

Nimemwambia Balthazar twende. Anasema: Dada hajasema.

Dada Déborah, anakusikiliza wewe, si mimi. Umemlea. Mwambie aende hospitali, akubali wamtibu. Asipotibiwa atakufa, hayo si maneno yangu. Nakuomba. Nimepiga magoti ninapoandika, na wewe unajua mimi si wa magoti.

Nsimire, Mama Gloire


Hospitali
25 Mei 2023

Dada

Nsimire aliita ambulensi wamenileta. Mwandiko umepinda usinisahihishe. Kuna nesi anaitwa Bridget ananiuliza leo siku gani nashindwa. Anacheka kidogo anasema si kitu. Mtu mzuri.

Wanataka kunitundikia sérum. Nimeuficha mkono chini ya shuka. Daktari amekuja wawili, Nsimire analia huko nje. Nimewaambia wangoje, nina dada yangu mkubwa, yeye ndiye anasema.

Mama alipita hapa asubuhi na kikombe. Nilimwita hakugeuka.

Dada tumbo linaniuma sana. Nikubali? Andika neno moja tu, ndiyo au hapana. Nitakalosoma ndilo nitafanya.

Baltha


Bagira
26 Mei 2023

Balthazar mtoto wangu,

Hapana.

Usikubali. Walimfanyia mama hivyo hivyo mbele ya macho yangu. Nitakesha nikisali. Kaza moyo, kunywa mizizi yako, itapita.

Hapana, hapana, hapana.

Déborah


Doonside
11 Juni 2023

Dada Déborah,

Tumemzika Balthazar jana. Kwa simu ulilia tu. Nitaandika yote mara moja, sitayarudia.

Neno lako alilisoma mwenyewe. Aliigeuza simu uso chini, akawaambia hapana. Bridget alikaa naye karibu siku nzima akimbembeleza, akimwambia afunge macho itaisha upesi. Hapana. Baadaye akaanza kuniita mama, kisha akawa haamki. Hapo daktari akaja kwangu, nikatia sahihi, wakamtundikia maji na dawa. Walisema kama angekubali alipofika, pengine wangepata muda wa kumtafutia ini jingine. Pengine. Ilikuwa imechelewa. Ndiyo yote.

Sasa sikia hili hata kama hutaki. Daktari alinichorea. Ugonjwa huu mama anaweza kumpa mtoto siku ya kuzaliwa, bila kujua, bila kosa. Unakaa kimya ndani ya ini miaka mingi, halafu unaanza. Balthazar aliupata kwa mama yenu. Mama yenu alikufa nao. Hakuna aliyemlisha kitu, dada. Mama Anésie alikuwa rafiki yake tu, akimletea pombe.

Gloire na mimi tumepimwa, tuko wazima, yeye alichanjwa alipozaliwa. Lakini daktari amesema, na nimemwahidi nitakuandikia: watoto wote wa tumbo lile lazima wapimwe. Wamebaki wangapi? Umebaki wewe.

Jacky alikuja mazishini. Alisimama nyuma kabisa, amevaa suti, hakuna aliyemjua. Alipoondoka aliniambia angepaswa kumuuliza mara ya tatu.

Nsimire


Bagira
17 Septemba 2023

Mama Gloire,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa sitaki kujibu kabisa.

Ukoo ulikutana uani kwangu. Nilisoma barua yako mbele yao, nikafika pale ulipoandika kwamba ulitia sahihi wakamchoma. Hawakutaka kusikia zaidi. Walisema: mnaona? Alikuwa hai, mke akatia sahihi, sindano ikaingia, akafa. Wakalitaja jina lako kama tulivyolitaja la Mama Anésie. Sikuwazuia. Mimi ndiye niliyewapa hilo jina tangu Aprili.

Niliwaacha waende na hilo, nikalala vizuri usiku ule. Nakuambia kweli, nililala.

Wiki iliyopita nilikuwa naandika ubaoni, mtoto mmoja wa dawati la mbele akasema: Mwalimu, macho yako ni ya manjano. Nikamwambia akae chini, ni vumbi la chaki. Miguu yangu imevimba tangu mwanzo wa mwaka, nilikuwa nasema ni uzee. Nashiba kabla ya kula. Mdomo mchungu tangu asubuhi. Najua unaijua habari hii, umeiona kwa mwingine.

Najua pia hospitali iko wapi. Naipita kila siku nikienda shule.

Siwezi, Nsimire. Nikienda wakakuta damu yangu ina kitu kile, basi mama hakulishwa. Basi Mama Anésie tulimfukuza bure, mimi nikiwa wa kwanza kurusha jiwe, msichana wa miaka kumi na minne. Basi Balthazar aliniuliza ndiyo au hapana, na mimi ndiye niliyemuua, kwa mwandiko mzuri. Afadhali iwe sumu. Niache nife nayo ikiwa sumu.

Busu kwa Gloire.

Déborah


Doonside
24 Septemba 2023

Dada Déborah,

Nilisoma nikatupa simu kitandani. Nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena. Nimekukasirikia hadi meno yananiuma. Usifikiri nakuandikia kwa sababu imeisha. Haijaisha.

Unataka nikuambie hukumuua? Sitasema. Ulisema hapana. Yeye alitema vidonge mlangoni mwa gari lake, kwa akili zake, mtu mzima. Na mimi nilimwona akifunika chungu wiki baada ya wiki, nikanuna, nikalala nimegeukia ukuta, badala ya kumshika kola nimuulize una nini. Basi ndivyo ilivyo. Hata ukioza na tumbo lako haitabadilika, ila Gloire atakuwa amepoteza shangazi pia, na hana mwingine.

Kwa hiyo chukua. Kama unahitaji sumu ndipo uweze kuingia mlango wa hospitali, chukua, waambie ukoo ni mimi. Nsimire alimlisha. Waambie kwenye kikao chenu kingine kwamba nimekiri, sitakanusha. Mama Anésie alibeba jina hilo kwa miguu, na mikeka kichwani, hana pa kwenda. Mimi nina nyumba, nina kazi, na ukoo wenu hauna nauli ya kunifikia Doonside. Niiteni mchawi mpaka mchoke. Ila wewe kesho, ukipita pale unapopitaga, usipite. Ingia. Mwambie daktari: mama yangu alikufa hivi, mdogo wangu alikufa hivi, macho yangu yako hivi. Kama hutaki mtu wenu mwingine ajue, shauri yako.

Wakikupa kidonge, kimeze ukiwa mbele ya mtu, na ufungue mdomo aone.

Na wakitaka kukutundikia sérum, usiufiche mkono. Usiandike kumuuliza mtu. Balthazar alilala pale anamngoja dada yake mkubwa aseme. Wewe huna dada mkubwa, una mimi tu, na mimi nimeshasema, nimeandika hapa kwa mkono wangu mbaya, upige picha uwaonyeshe ukitaka.

Ndiyo.

Nsimire